Chanjo ya malaria: ng'ambo 2019, sisi 2025. Tulikuwa tunangoja nini?

Mama Pendo, Busia Uganda
Hamjambo. Mimi nauza mukene, yaani dagaa, karibu na mpaka. Pendo alizaliwa 2020, mwezi mmoja na mtoto wa wifi yangu aliyeolewa upande wa Kenya. Kule walianza kwa majaribio Septemba 2019, kwa hiyo wa wifi alichomwa alipofikisha miezi sita. Pendo wangu alikuja kulazwa, viganja vimepauka, akaongezewa damu. Baba yake aliuza baiskeli. Kila nikiuliza naambiwa serikali inajihadhari. Inajihadhari na nini, na huyo wa wifi anacheza hapa hapa uani kwangu?

Nesi wa zamu
Pole sana mama. Chanjo ile ya kwanza, RTS,S, ilipojaribiwa, homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa, na wasichana walikufa zaidi. Haikujulikana kama ni chanjo au ni bahati mbaya tu. Ndiyo maana Kenya, Ghana na Malawi zilianza katika maeneo machache, watoto wakifuatiliwa. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipitisha. Ile hofu haikuthibitika.

Mzee wa Tororo
Hiyo ni 2021. Cameroon walianza Januari 2024, sisi tumezindulia Apac Aprili 2025. Hapo katikati?

Nesi wa zamu
Dozi, mzee. 2023 zilitengwa milioni 18 tu, nchi 12 zigawane hadi 2025, nasi tukiwemo. Halafu ikaja chanjo ya pili, R21, ya bei nafuu, ndiyo tunayochoma sasa. Ila kweli, sokoni hakuja mtu kuwaeleza.

Mama Pendo, Busia Uganda
Basi hapo ndipo paniumapo. Mukene akiwa hajakauka siuzi, na mteja akiuliza namwambia hajakauka, anarudi kesho. Sisi hatukuambiwa hata hilo.
Haya, mdogo wake Pendo ana miezi saba, amepata mbili. Ya tatu akitimiza minane, ya nne mwaka na nusu. Hiyo ya nne mtatukumbusha? Maana mpaka wakati huo kadi imeshaliwa na panya.

Nesi wa zamu
Ipige picha kwa simu leo. Na chandarua msiache, chanjo haizuii malaria yote.

Mama Pendo, Busia Uganda
Chandarua tumezungushia vifaranga. Jioni nakitoa.