Kikombe Kilichohama Mezani Si Dokezo, na Mwisho Ule Haukumwibia Mtu

Onyo kwanza: nitamtaja kwa jina mtu wa nne, msaliti wa mwisho, wa Line of Duty, ile tamthilia ya Uingereza ya polisi wanaowapeleleza polisi wala rushwa. Kama hujamaliza msimu wa sita, toka hapa sasa hivi, nenda kaumalize, uzi utakungoja. Naliweka onyo hili juu kabisa kwa sababu humu ndani kuna watu hawaliweki, na hao nitawafikia.

Nina hasira. Jumamosi mtu amefufua tena ile hoja kwamba "tuliibiwa", kwamba mwandishi alimbadilisha mhalifu dakika za mwisho baada ya mashabiki kumgundua yule wa kweli. Ushahidi wake ni kikombe. Katika chumba cha mahojiano kikombe kiko kulia kwa mhojiwa, kamera inageuka, kiko kushoto, kamera inarudi, kiko kulia tena. Amepiga picha tatu za skrini, akazichora mishale myekundu, na watu wazima wenye familia wamejipanga chini yake wakiandika "umetufumbua macho kaka".

Kikombe, jamani.

Wengi wenu mnakumbuka tulivyoiona ile tamthilia hapa Nairobi. Msimu wa sita ulianza Uingereza Jumapili ya tarehe 21 Machi 2021. Siku tano baadaye Rais Kenyatta akafunga kaunti tano, yetu ikiwemo, na kafyu ikaanza saa mbili usiku. Kufuli lile lilifunguliwa Mei mosi, na sehemu ya mwisho ikaonyeshwa kesho yake, Mei 2. Hadithi karibu yote tuliimaliza tukiwa ndani. Mimi nilikuwa natoka kazini mapema, napitia kwa kijana wa muvi pale Umoja na flashi mkononi, halafu nakimbilia nyumbani kabla askari hawajatanda. Ploti yetu ilikuwa na kundi la WhatsApp la watu kumi na mmoja, na kwa wiki zile saba kundi lile ndilo lililotufanya tusichizi. Kwa hiyo msiniambie ni "televisheni tu". Haikuwa televisheni tu kwangu, wala kwenu.

Sasa turudi kwenye madokezo, maana hapo ndipo mnaponichoma.

Mwisho wa msimu wa tatu, 2016, Matthew Cottan, yule msaliti aliyeitwa Caddy, anakata roho mbele ya mpelelezi Kate Fleming huku akirekodiwa. Anathibitisha herufi moja tu, H, ambayo wote walidhani ni ya jina la bosi wa wasaliti. Baada ya hapo kila jina lenye H likapandishwa kizimbani: Hastings, Hilton, Huntley, Hargreaves. Kisha mwisho wa msimu wa tano, 2019, Fleming na mwenzake Steve Arnott wanairudia video ile na kuuangalia mkono wa marehemu. Vidole vinagonga mara nne. Nukta nne katika Morse, ile alfabeti ya nukta na mistari, ni H. Cottan alikuwa anahesabu watu. Wasaliti walikuwa wanne: yeye mwenyewe, afisa wa polisi Hilton, wakili Gill Biggeloe, na mmoja ambaye bado hajajulikana. Na bado, baada ya wapelelezi wenyewe kutueleza hivyo kinagaubaga, kundi letu lilifungua msimu wa sita likiwa bado linawinda majina yenye H! Kuna mtu aliandika orodha mpaka ya madereva.

Kipimo changu ni kimoja na sijaona aliyekivunja. Dokezo ni kitu ambacho Arnott na Fleming wanaweza kukiona wakiwa ndani ya hadithi. Mkono wa Cottan wanauona. Barua, ripoti, damu, picha ya ukutani, vyote wanaviona. Kamera ilisimama wapi, hawawezi kujua. Kikombe kuruka upande wa pili kati ya pande mbili za mahojiano, hawawezi kukiona, kwa sababu mezani kwao hakikuruka. Kiliruka Belfast, mahali walikopigia picha, kwa sababu mazungumzo yale marefu hurudiwa mara nyingi, kamera upande huu, kamera upande ule, na baadaye mhariri anachukua kipande cha hapa na cha pale. Msimu wa sita wenyewe ulisimamishwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, ukaendelea Septemba. Miezi sita! Halafu mtu anakuja kuniambia nywele za fulani zimebadilika kati ya mlango na ngazi, eti ni pacha.

Mfano mwingine ni James Nesbitt. Ilipotokea picha yake kama Marcus Thurwell, polisi wa zamani aliyeshukiwa kuwa yule wa nne, nusu ya kundi ilifunga kesi. Hoja yao ilikuwa kwamba mwigizaji mkubwa namna ile hawezi kulipwa ili awe picha tu. Huko si kusoma hadithi, huko ni kupiga hesabu za mfuko wa mtayarishaji. Thurwell akakutwa maiti Uhispania, Nesbitt akabaki kuwa picha mpaka mwisho, na watu wakakasirika kana kwamba waliahidiwa.

Najua mtanitajia Twin Peaks, ile tamthilia ya Kimarekani, kwa hiyo niiseme mwenyewe. Ni kweli. Mwaka 1990, katika sehemu ya kwanza kabisa, mpambaji wa seti aitwaye Frank Silva alinaswa kwenye kioo kwa bahati mbaya, na David Lynch badala ya kuirudia picha ile akamfanya awe Bob, uovu wenyewe wa hadithi. Kosa likawa kiini. Lakini angalieni nani aliyeligeuza. Mwongozaji aliliona, akaamua, kisha akalijengea hadithi iliyofuata. Kikombe chenu hakuna aliyekijengea kitu. Na hata True Detective ya 2014, ya Kimarekani vilevile, ambayo mashabiki waliikagua picha kwa picha wakimtafuta Mfalme wa Manjano, wengine wakamshuku hata mpelelezi Marty Hart mwenyewe, muuaji alikuwa yule mkata nyasi ambaye mwenzake Rust Cohle alizungumza naye mchana kweupe katika sehemu ya tatu. Kilichomkamatisha ni rangi ya kijani ya nyumba. Hart aliiona kwenye picha ya zamani, akaiunganisha na yale masikio ya kijani aliyoyataja mtoto. Kitu cha kushika, na mpelelezi ndiye aliyekishika.

Hapa sasa nitasema la kwangu, na mnivumilie.

Mimi kazi yangu ni kusahihisha maandishi kabla hayajapigwa chapa, kwenye duka dogo la uchapishaji huku Kirinyaga Road. Kadi za harusi, vipeperushi, katiba za vyama, ratiba za mazishi. Makosa ya tahajia yana mwenyewe, kama mwendo wa mtu ulivyo na mwenyewe. Nina mteja anayeandika "garama" kila mahali palipo na "gharama". Amefanya hivyo tangu nimjue. Hata akituma kazi kwa simu ya mwanawe, nikifika kwenye bajeti ya harambee namtambua. Na hajui kwamba anakosea. Angejua, angeacha.

Kwa hiyo 2019, lilipotokea neno "definately" katika yale mazungumzo ya siri ya kwenye kompyuta, herufi "a" imekaa mahali pa "i", nilisimamisha video. Usiku uleule niliwaandikia: huyu mtu anakosea bila kujua, mahali pa kumtafuta ni kwenye ripoti zake. Nilijibiwa na uso wa kusinzia. Halafu Ted Hastings, bosi wa Arnott na Fleming, naye akaliandika vilevile alipojifanya H, na kundi zima likamvamia, ndiye, ndiye, ndiye. Baadaye alieleza kwamba aliiga kosa lile makusudi. Sikuwahi kusema ni Buckells, yule polisi aliyegunduliwa mwishoni kuwa mtu wa nne; sitajitwalia sifa isiyo yangu. Nilichosema ni kwamba neno lile litarudi. Likarudi 2021, na kweli likatoka kwenye makaratasi ya kazi, ya miaka mingi, yaliyoandikwa na mtu yuleyule. Ian Buckells. Dokezo lilikuwa mbele yenu, limeandikwa kwa herufi kubwa za skrini, na ninyi mlikuwa mnahesabu vikombe.

Kisha mkasema mmeibiwa!

Eti Buckells ni mjinga mno. Eti mtu aliyezungukwa na siri kwa misimu sita lazima awe na akili za ajabu. Waingereza nao walilalamika hivyohivyo, na usiku ule waliotazama walikuwa milioni 12.8. Wao nawasamehe. Ninyi wa Nairobi siwaelewi. Mnaishi wapi? Hamjawahi kufuata faili ofisini ikapotea, ikapatikana, ikapotea tena, na aliyekaa juu yake ni mzee mpole mwenye muhuri, asiyejua hata kuwasha kompyuta? Hamkusoma habari za kashfa ya Anglo Leasing, mikataba ya mabilioni na kampuni hewa, sahihi juu ya sahihi za watu waliovaa suti za kawaida wakala chakula cha mchana cha kawaida? Hapakuhitajika mtu mwenye akili za ajabu. Palihitajika watu wa kupitisha karatasi.

Na ndivyo alivyo Buckells. Rudini mumwangalie. Yupo tangu msimu wa kwanza, 2012, mpelelezi mvivu anayepewa kesi ya mwenzake. Anarudi 2017, cheo kimepanda. Anarudi 2021, kimepanda tena, na kila alipopita kazi imeharibika. Tulimwona tukacheka. Mimi nilicheka. Hakuna picha iliyofichwa, hakuna rangi ya tai, hakuna kioo. Alikuwa anapandishwa cheo mbele ya macho yetu, na hakuna hata mmoja wa wale kumi na mmoja, mimi nikiwemo, aliyeuliza kwa nini. Mwisho ule uliniuma kwa sababu niliutambua. Nilikaa kitandani na taa imezimwa nikafikiria watu watatu ninaowajua mimi.

Jingine, nalipitia haraka kwa sababu litanitia uchungu zaidi. Februari ileile ya 2021 ilitoka tamthilia yetu Crime and Justice, ya Sarah Hassan na Alfred Munyua, wapelelezi wa mji huuhuu, barabara hizihizi tunazokanyaga. Kundi letu liliijadili siku moja. Wenye muda wa kupima kivuli cha dirisha la Belfast hawakuwa na muda wa Nairobi.

Sasa nyinyi msioweka onyo. Mdogo wangu ni nesi, anafanya zamu za usiku, na mwaka huu hatimaye alianza kuitazama tangu mwanzo. Nilimjazia flashi mwenyewe. Alijiunga humu kwa furaha, akauliza swali la adabu kabisa: yuko msimu wa tatu, je, akiendelea atapoteza hamu? Jibu la kwanza alilopata, ndani ya dakika mbili, lilikuwa jina na cheo cha mtu wa nne, pamoja na "usijisumbue, mwisho ni mbovu". Aliyeandika ni mmoja wa mabingwa wa kikombe. Unaona? Hakumtajia jina tu. Alimnyima miaka ile ya kumwona Buckells akipita na kutomjali, na hiyo ndiyo hadithi yenyewe.

Msimamizi, naomba mambo mawili. Anayetaja jina bila onyo, ujumbe wake ufutwe kabla hajaulizwa. Na picha za mishale myekundu zipewe uzi wao, mbali na wageni.

Na wewe wa kikombe, sitaki matusi, nataka jibu: ni nani ndani ya hadithi aliyekiona kikihama? Mtaje.

Mdogo wangu amesema ataimalizia siku nyingine. Flashi amenirudishia, iko kwenye droo hapa. Sehemu nne za msimu wa tatu hajazigusa.