Kuchonga vijiko: mti mbichi au ubao mkavu?

Chipukizi
Habari za kazi, wakuu. Nimechonga vijiko saba mpaka sasa, vyote kwa vipande vya mbao kavu vilivyobaki kwenye kazi ya useremala. Nachimba kwa bobari, ile patasi yenye makali ya mviringo, nalainisha kwa tupa, namalizia na msasa. Vinapendeza, ila kijiko kimoja kinanila siku mbili na kiganja kinajaa malengelenge. Nasikia wapo wanaochonga mti ukiwa bado na maji yake. Hofu yangu ni nyufa. Mliojaribu pande zote mbili, ipi inamfaa mtu asiye na mashine?

Bi Mwiko
Mbichi, na sitaki kuzunguka. Ukishachonga mti uliokatwa wiki hii, ubao mkavu utauona jiwe. Maji yaliyomo yanazilegeza nyuzi, kisu kinatoa maganda marefu badala ya unga.

Kuhusu nyufa, chanzo kikubwa ni kiini, ile nukta ya katikati ya gogo. Mti ukikauka husinyaa zaidi kwa kuufuata mviringo wa pete zake kuliko kutoka kiini kwenda gome, mara nyingi karibu maradufu, na kwa urefu hausinyai kiasi cha kuonekana. Ukiacha kiini ndani ya kijiko, mti unavutana wenyewe kwa wenyewe mpaka unapasuka. Kwa hiyo pasua gogo katikati, kisha ondoa kiini chote pamoja na kidole kimoja cha mti unaokizunguka.

Nimesema pasua, sikusema kata kwa msumeno. Shoka hufuata nyuzi zinakokwenda, msumeno hupita popote unapouelekeza. Mpini uliopasuliwa una nyuzi zinazokwenda mwanzo mpaka mwisho, ndiyo maana unaweza kuuchonga mwembamba na bado ukakoroga chungu kizito.

Mzee wa Tezo
Bi Mwiko, kwa kupasua nakuunga mkono. Lakini usimkatishe kijana tamaa na ubao mkavu. Kile unachokichonga leo ndicho utakachokiona mwakani: mdomo wa kijiko haupindi na duara haligeuki yai. Kwa mistari mikali au nakshi kwenye mpini, mkavu haushindiki, kwa sababu kisu kinaacha ukingo safi. Mbichi nyuzi zake hulala na kufanya manyoya.

Chipukizi, malengelenge huenda yanatokana na makali yaliyo butu. Bobari inoe mpaka inyoe nywele za mkono, kisha uisugue kwenye ngozi kila baada ya dakika chache. Na tafadhali sana, usichimbe kwa bobari huku umeshika kijiko kiganjani. Kibane kwenye meza. Nina kovu chini ya kidole gumba kwa kosa hilo hilo.

Bi Mwiko
Shikamoo, Mzee. Hilo la kubana ndiyo tofauti yenyewe. Kwa mti mbichi natumia kisu kilichopinda kama ndoano, nakaa kwenye kigoda, kijiko mkononi, na kidole gumba hakikai kamwe kwenye njia ya makali. Sihitaji meza. Ila nakiri, kukinoa kisu hicho ni taabu: msasa nauzungushia kijiti cha duara, maana jiwe bapa haliingii ndani ya mkunjo.

Nusu Kwa Nusu
Mbona mnachagua upande? Kazi nzito ifanyeni mti ukiwa mbichi, umaliziaji ukiwa mkavu. Natoa umbo kwa shoka na kisu, nachimba tumbo la kijiko mpaka kuta zibaki kama sentimita moja, nasimama hapo. Nakifunga kwenye mfuko wa karatasi pamoja na maganda yake, nakiweka kivulini, mbali na moto na jua. Ukikimbiza ukaushaji, nje inasinyaa wakati ndani bado pamejaa maji, na hapo ufa unaanzia.

Kujua kimekauka sitegemei kugusa. Nakipima kwa mizani ya jikoni kila siku mbili. Uzito usiposhuka tena, kiko tayari, na ile sentimita inanitosha kunyoosha palipopinda. Mwisho napitisha kisu kikali sana, mapande membamba, bila msasa. Msasa huchanachana nyuzi, nazo kijiko kikiingia majini mara ya kwanza husimama.

Mzee wa Tezo
Msasa una dawa yake. Lowesha kijiko, kiache kikauke, sugua. Rudia mara mbili au tatu kabla ya mafuta. Manyoya hayarudi tena.

Majani Makavu
Kwenye mafuta: ya kitani safi, yasiyo na dawa za kukaushia, huganda ndani ya mti. Vitambaa ulivyopakia tandaza vikauke nje, usivikunje, vinaweza kujiwasha moto vyenyewe. Nta ya nyuki peke yake siipendi kwa mwiko, huyeyuka kwenye nyuzi joto 60 na kitu, na supu inapita hapo. Mti pia uchague: mzeituni mzuri sana, mwembe unachongeka ila utomvu wake mbichi huwasha ngozi za baadhi ya watu. Mti usioujua usiupeleke mdomoni.

Chipukizi
Wiki tatu baadaye. Nimefuata ya Nusu Kwa Nusu: vijiko viwili, tawi moja. Kuchonga kulinichukua asubuhi moja kwa vyote viwili, kiganja salama. Kimoja kimekauka vizuri sana. Cha pili kimetoa ufa wa nusu kidole pale mpini unapoungana na tumbo. Kiini nilikiondoa.

Bi Mwiko
Hongera kwa hicho cha kwanza! Kwenye cha pili tazama fundo. Kama kuna kijicho cha tawi karibu na ufa, nyuzi hapo zinazunguka na haziwezi kusinyaa pamoja.

Chipukizi
Lipo. Dogo, upande wa chini, nililiona nikadhani ni urembo. Mpini bado ni mrefu, nakata juu ya ufa nichonge kijiko kidogo cha chumvi.