Mashine ya kudarizi kwenye blanketi la kitenge lenye pamba katikati, tabaka la chini linajikunja. Msaada jamani

mama_nuru_dom
Habari zenu mafundi, wakubwa shikamoni. Niko Dodoma huku Nkuhungu, nashona nguo za watoto na kudarizi majina kwenye masweta ya shule. Mashine yangu ya kudarizi ni ile ndogo ya nyumbani, sindano moja, fremu (zile ringi mbili za kubania kitambaa) kubwa niliyonayo ni ya sentimita 13 kwa 18. Sasa kuna mteja kanipa oda ya blanketi la mtoto, juu viraka vya kitenge vya 18 kwa 18, katikati pamba ya faiba, chini flaneli, anataka maua yapite matabaka yote ili pamba isikusanyike kona moja likifuliwa.

Nikajua kazi nyepesi, nabana matabaka yote matatu kwenye fremu mashine ifanye yake. Fremu ikagoma kufunga, nikalegeza skrubu mpaka mwisho nikaikandamiza kwa goti ndo ikaingia. Ua la kwanza kufika nusu flaneli ikachomoka kwenye fremu na sindano ikavunjika. La pili lilimaliza ila nikageuza nyuma nikakuta mkunjo mnene kama kidole umeshonewa humo humo, na juu kwenye kitenge fremu imeacha alama hata pasi ya mvuke haiitoi. Tangu jana usiku nafumua uzi mmoja mmoja. Blanketi ni 90 kwa 108, mama mwenyewe anajifungua mwezi huu na mnajua baridi ya Dodoma ya mwezi wa saba na upepo wake. Mnaofanya hii kazi mnabanaje?

fundi_kizota
Pole sana mama Nuru. Mimi ningekwambia rudi kwenye cherehani ya kawaida, piga mistari iliyonyooka umalize. Hebu piga hesabu, fremu ya 13 kwa 18 kwenye blanketi la 90 kwa 108 ni fremu 42 ukitaka kulijaza lote, na kila fremu kubana na kushona weka dakika 10, hiyo ni saa 7 bila kula. Hilo ni la mtoto. Akija mtu na la kitanda cha 150 kwa 200 fremu zinapita 120. Kila ukibana upya ndo kila nafasi mpya ya kukosea.

darizi_makole
Fundi hesabu yako ni sahihi ila mteja kaomba maua, tumsaidie ayapate.

Mama Nuru kosa liko hapo kwenye kubana, mashine yako nzima. Hizi fremu za skrubu zimetengenezwa kwa kitambaa kimoja na bekingi nyuma, yaani ile shiti ya kushikilia kitambaa kisivutike. Ukizilazimisha kwenye pamba, ringi ya ndani inasukuma tabaka la juu upande mmoja na la chini upande mwingine, na mkunjo unazaliwa pale pale kabla hata sindano haijagusa. Kwa hiyo blanketi lisiingie kwenye fremu kabisa. Bana bekingi peke yake, ile nyembamba ya kuchana au inayoyeyuka na maji ukiipata, ikaze vizuri, halafu blanketi linalala juu yake. Kisha mashine ianze na ule mshono mrefu wa kuzunguka ukingo wa fremu, mashine nyingi unao kwenye menyu, huo ndo unashika matabaka yasitembee, ua likiisha unaufumua. Wenye hela wananunua fremu ya sumaku, inashika kitu kinene bila kuacha alama, ila hakikisha ni ya mashine yako maana haziingiliani.

Lakini kabla ya yote blanketi lenyewe liwe limeshikana. Tandika flaneli sakafuni upande mzuri ukiangalia chini, ivute kidogo uibandike sakafuni kwa utepe wa karatasi wenye gundi pembeni, juu pamba, juu kitenge, lainisha kwa viganja kutoka katikati kwenda nje, halafu pitisha mshono wa mkono wa muda, mrefu mrefu, kila upana wa kiganja. Mimi pini siziamini kwenye mashine ya kudarizi, sindano ikigonga pini ikarusha kipande hujui kitatua wapi, na jicho ni jicho.

Sindano weka namba 90/14, hiyo 75/11 uliyozoea kwenye masweta inapinda kwenye unene huu. Spidi shusha, kama yako inakwenda mishono 800 kwa dakika iweke 400. Futi, ule mguu unaokandamiza kitambaa, kama inaruhusu ipandishe kidogo isisukume pamba mbele. Na ua unalotumia ni la aina gani?

mama_nuru_dom
Asante sana, nimeelewa kuliko nilivyoelewa video zote. Ua ni lile lile ninalowekea kwenye magauni, limejazwa ndani.

darizi_makole
Basi hilo liache. Ua la kujaza kwenye pamba linakuwa gumu kama boksi, mtoto atalalia kitu kinachomchoma, tena linavuta kitambaa mpaka kiraka kinakunjamana. Tafuta ua la mstari mtupu, mshono mmoja unaozunguka bila kukata uzi, hatua ya milimita 2.5 hadi 3. Na chini usitumie ule uzi mweupe mwembamba wa bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini), jaza bobini kwa uzi ule ule wa juu kwa sababu nyuma ya blanketi inaonekana.

bibi_mshonaji_kondoa
Mwanangu, kitenge na flaneli ulivifua kabla ya kukata? Pamba asilia inarudi ikifuliwa na faiba hairudi, blanketi likija kufuliwa mara ya kwanza litajikunja lote hata kama ulishona vizuri. Kama hukufua mwambie mteja mapema.

Jambo la pili, fundi wa Kizota na huyu wa Makole wote mnasema kweli, ziunganisheni. Anza na cherehani ya kawaida, pita juu ya maungio ya viraka moja kwa moja, ukitoka katikati kwenda pembeni. Hapo matabaka yameshashikana, una viboksi 30, mashine ya kudarizi inaingia ndani ya kiboksi kuweka ua tu. Weka kiraka kimoja ruka kimoja, maua 15, basi. Kupata katikati, chapa ua kwenye karatasi kwa saizi yake halisi, chora msalaba katikati yake, liweke juu ya kiraka, toboa kwa pini, tia alama ya chaki. Halafu shusha sindano kwa gurudumu la mkono mpaka iguse alama.

Uzito wa blanketi usiuache uning'inie, unavuta fremu na ua linatoka limepinda. Panga meza au hata viti pembeni libebwe lote. Na kila fremu kabla ya kuwasha pitisha mkono chini, mimi nilishashona kona ya blanketi kwa chini yake mwenyewe nikaja kujua ua limeisha.

mama_nuru_dom
Shikamoo bibi. Kitenge nilifua, flaneli sikufua, nimempigia mteja amesema sawa. Nimefumua yote naanza upya leo.

mama_nuru_dom
Mrejesho wakuu. Maungio nilipita jana kwa cherehani, leo nimeweka maua 15 kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa saba, nyuma hakuna mkunjo hata mmoja, nimepapasa kiraka kwa kiraka. Ua la tisa umeme ulikatika katikati, sikugusa fremu, uliporudi mashine ikaniuliza kama iendelee ikaendelea pale pale. Ua la 11 bobini iliisha nikachelewa kuona, nikarudisha hatua kama 30 nyuma nikaendelea. Sema kwenye kitenge cheusi kuna vinyuzi vyeupe vya pamba vinachungulia kwenye matundu ya sindano.

darizi_makole
Hongera! Hivyo vinyuzi usivivute, ukivivuta vinatoka na vingine, virudishe ndani kutokea upande wa nyuma kwa ncha ya sindano. Mara nyingi ni sindano imeshakuwa butu, maua 15 kwenye faiba mimi ningebadilisha lile la nane. Halafu fungua pale kwenye bobini upige brashi leo leo, vumbi letu likichanganyika na manyoya ya flaneli linakaba.

mama_nuru_dom
Nimefungua, limetoka donge la kijivu ukubwa wa maharage. Kesho napiga ukingo.