Naomba ushauri: lenzi na setingi za picha ya kwaya ndani ya ukumbi

Habari zenu wakuu. Niko Mbeya, nina kazi ya kupiga picha kwaya ya watu kama arobaini, mistari minne, ndani ya ukumbi huku Uyole. Nje hakutegemeki, mvua za huku mnazijua.

Natumia kamera ya Canon 700D, lenzi yake ya 18-55mm na nyingine ya 50mm f/1.8. Hiyo 50 kwenye sensa ndogo inabana kama 80mm, hata nikiegemea ukuta wa nyuma, watu wa pembeni wanakatika. Na nikifungua f/1.8 (tundu la lenzi wazi kabisa), mstari wa mbele unatoka safi, wa nyuma nyuso zimefifia. Nikihamia 18-55 kwa f/8 (tundu dogo) na shata 1/60 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) inafika 6400. Chenga (vidoadoa) zinajaa kwenye majoho meusi. Kwenye 18mm, upana wa mwisho wa lenzi, watu wa pembeni wanavutika, mama mmoja aliniuliza nani kamnenepesha.

Flashi ya juu ya kamera ninayo. Dari ni mbao nyeusi, nikiielekeza juu mwanga unamezwa. Nikiwaelekezea flashi usoni, miwani inang'aa na vivuli vinajaa ukutani.

Je, f/5.6 kwenye 24mm hivi itashika mistari yote minne, na nifokasi mstari wa ngapi?

Pili, hela inatosha kitu kimoja: lenzi ya 17-50 f/2.8, au flashi ya pili na stendi na mwamvuli? Mimi naegemea flashi, maana kwa mistari minne hiyo f/2.8 sioni nitaitumia wapi. Aliyewahi kupiga kwenye kumbi zenye giza namna hii anisaidie. Asanteni.