Chambo cha dukani au ngisi wa feri? Naomba ushauri, niko Mtwara

KIJANA WA SHANGANI
Wakuu habarini. Nimehamia Mtwara mwaka huu. Jioni nikitoka kazini nashuka Shangani na mshipi wa mkono, na Jumamosi kuna jamaa wa Msangamkuu hunichukua kwenye ngalawa yake. Sasa binamu yangu kaniletea kutoka Dar boksi la chambo bandia: visamaki viwili vya Rapala, vyuma vya kung'aa vitatu, na fimbo yenye rili. Nimerusha wiki mbili, sijapata hata kibua. Pembeni yangu kuna kijana mshipi wake kauzungusha kwenye chupa ya maji, anaopoa changu tu. Nina elfu hamsini ya kununulia vifaa. Niendelee na hivi vya bandia au nirudi kwenye ngisi?

MZEE WA KITUNDA
Hiyo elfu hamsini usiiguse kwanza. Umetaja vifaa vyote, samaki hukumtaja. Ujanani nimevua sana hapo Shangani kabla ya kurudi Lindi. Mtu wa ufukweni pale anampata changu, kibua maji yakijaa, kolekole wadogo, na mzia akipita. Hawali namna moja hao. Changu anapita chini, kwenye mawe na majani, anaokota kaa na konokono, na pua yake ndiyo inayomwongoza. Kisamaki chako cha plastiki kinapita juu ya kichwa chake wala hakinuki chochote, akifuate kwa lipi?

Mpe ngisi. Kata kipande chembamba, urefu wa kidole cha mwisho, chuna ile ngozi ya madoadoa mpaka nyama ibaki nyeupe. Pitisha ndoana mara mbili karibu na ncha moja, upande wa pili uache upepee. Pweza anakaa kwenye ndoana zaidi kuliko ngisi, ila mponde kwanza. Kamba kila samaki anamtaka, na ndiyo taabu yake: changu akifika, wadogo wameshamaliza na wewe umeshika ndoana tupu.

KIJANA WA SHANGANI
Shikamoo mzee. Hiyo ya ndoana tupu ndiyo maisha yangu.

MZEE WA KITUNDA
Marahaba mwanangu. Na kama ndoana yenyewe nayo haipo, mshipi umekatwa kama kwa mkasi, huyo ni bunju. Hama hapo. Na usije ukamla.

BINTI MIKINDANI
Kwa changu namuunga mkono mzee, lakini boksi lako usiligawe. Chuma cha kung'aa kimeshanipa changu mara mbili, nje ya ghuba, kina cha kama pima 15. Unakiachia kishuke mpaka uhisi kimegonga chini, halafu unakinyanyua kwa mapigo mafupi na kukiacha kianguke tena. Mara nyingi samaki anakishika kikiwa kinaanguka. Ukikikokota moja kwa moja kutoka ufukweni umefanya mazoezi ya mkono tu. Kolekole ndiye hasa anayekipenda, maana yeye huwinda kwa macho na hana subira.

Na hao visamaki wako wana akili yao. Lauri Rapala, mvuvi wa Finland, alichonga cha kwanza mwaka 1936 baada ya kuona samaki wakubwa wanaacha kundi zima na kumvamia mmoja anayeyumba kama mgonjwa. Ule ulimi mdogo wa mbele ndio unaokiyumbisha. Ukifunga fundo kubwa, ukabana na chuma kizito, hakiyumbi tena. Unavuta kijiti.

Ila sikia yaliyonikuta. Changu cha kwanza (kisamaki, si samaki!) nilikifunga kwenye nailoni tupu, nikakirusha karibu na mlango wa ghuba. Mrusho wa tatu kikashikwa, nikavuta mara moja, mshipi ukalegea. Ncha ya nailoni imekatwa safi kama kwa wembe. Mzia. Pesa niliyokinunulia ilikuwa ya gauni la Idi.

NAHODHA MSIMBATI
Pole bibie. Kwa mzia na nguru waya ni lazima. Shibiri mbili zinatosha, mradi uwe mwembamba. Waya mnene wanauona mchana.

Nguru sisi tunamrambaza. Alfajiri, tanga limeshika upepo kidogo au mashine polepole, mshipi unafuata nyuma. Chambo ni kibua mzima au mkizi, na ndoana ziwe mbili: moja mdomoni, ya pili karibu na mkia. Nguru hukata mkia kwanza kumzuia mwenzake asikimbie, kisha hurudi. Mwenye ndoana moja anapandisha kichwa cha kibua kikimtazama. Kama huna chambo, funga nyuzi nyeupe za kiroba juu ya ndoana. Zikivutwa kwa kasi zinametameta kama dagaa, na nguru hana muda wa kukagua. Hapo Rapala ya kijana nayo inafaa kabisa.

Lakini si sasa. Hii ni kusi, nje kumechafuka, ngalawa ya Msangamkuu itakurudisha umelowa na umetapika. Subiri maleleji, pepo zinapobadilishana na bahari kutulia, halafu kaskazi. Na ukija huku kwetu, ulizia taratibu kwanza: tangu mwaka 2000 ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma.

KOROSHO GHAFI
Mnahangaika na chambo, wenzenu enzi zile walikuwa wanarusha kitu kimoja tu wanaokota 😂

MZEE WA KITUNDA
Mwamba ukivunjwa kwa baruti samaki hakai tena. Ndiyo maana leo nafuata mbali changu niliyekuwa nampata mbele ya nyumba. Usitutanie nayo.

MTU WA NEWALA
Mimi wa mto, baharini sijui. Ruvuma tunamfuata kambale usiku, chambo utumbo wa kuku uliolala siku moja juani. Kuna wanaotumia kipande cha sabuni ya mche na wanapata. Chuma cha kung'aa kwenye maji ya matope nani atakiona? Pa kusimama pachague vizuri, mamba wapo.

BINTI MIKINDANI
Eti sabuni! Kambale wenu wanaoga?

KIJANA WA SHANGANI
Na tasi je? Nawaona wengi kwenye majani, hawagusi chochote.

MZEE WA KITUNDA
Tasi anakula mwani. Anaingia kwenye dema, ule mtego wa kufumwa. Kwa ndoana jaribu donge la unga na ndoana ndogo kabisa, ukijaliwa. Ukimpata usimshike hovyo, miba yake ina sumu, utalala na mkono kwenye maji ya moto.

NAHODHA MSIMBATI
Turudi kwenye elfu hamsini yake. Ningekuwa mimi: nailoni ya milimita 0.40 kwa ufukweni, na ya 0.80 kwa ngalawani kama mnashusha kwenye mawe ya chewa. Chewa akishika usimchezee, akiingia pangoni amekwisha kukushinda. Uzi wa kusuka wa kwenye rili yako ni mzuri kwa kuhisi, maana hauvutiki, lakini jiwe likiugusa tu unakatika, kwa hiyo ncha yake unga pima moja ya nailoni. Ndoana: namba ikipanda ndoana inapungua, mpaka ufike zile zenye mkwaju na sifuri mwishoni, 1/0, 2/0, hapo inageuka, namba ikipanda inakua. Wengi wanarudishwa dukani na hilo. Kwa changu namba 6 au 4. Chubwi, yaani vizito vya kuzamisha mshipi, chukua za uzito tofauti, kwa sababu wakati wa bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, hapo mlangoni yanakimbia, na chubwi iliyotosha maji mafu, yanaposogea kidogo tu, inabebwa kama jani.

Ikibaki pesa, waya.

KIJANA WA SHANGANI
Mrejesho. Jana jioni maji yakijaa, ngisi aliyechunwa, namba 6, chubwi ndogo. Changu watatu, mmoja wa kutosha sahani. Bunju naye alikuja, nikahama hatua thelathini. Yule kijana wa chupa kaniangalia, akaniuliza ngozi ya ngisi nimeitupa wapi. Kumbe yeye huikusanya anaitia kwenye mfuko wa wavu anauzamisha karibu na mshipi wake, harufu iwaite.

Rapala nimezirudisha kwenye boksi mpaka kaskazi. Nahodha, waya mwembamba kwa hapa mjini naupata wapi? Dukani nilipoulizia wamenipa wa kufungia nondo.

NAHODHA MSIMBATI
Huo urudishe. Waya wa breki ya baiskeli, ufumue, chukua nyuzi mbili uzisokote. Mafundi wa baiskeli wanakupa vipande bure.