Kura ya jimbo ina faida gani kwetu tulio Virginia? Tujadili (mjadala wa Oktoba 2025)

Mtoa mada

Ndugu zangu mlio Virginia, nanyi mlio majimbo mengine ya Marekani, salamu. Jumapili baada ya ibada tulikuwa kwenye chai, kijana mmoja akaulizwa kama ameshapiga kura ya mapema. Akajibu, "Ya rais ilipita mwaka jana. Hii ya jimbo ni ya wenyewe." Watu wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Mimi nikanyamaza, na ule unyamavu umenisumbua wiki nzima.

Kwa asiyejua: Virginia humchagua gavana mwaka unaofuata uchaguzi wa rais. Safari hii ni Novemba 4, 2025. Gavana Glenn Youngkin haruhusiwi kugombea vipindi viwili mfululizo, kwa hiyo ni Abigail Spanberger wa chama cha Democratic au Winsome Earle-Sears wa chama cha Republican, na kwa vyovyote tutapata gavana mwanamke kwa mara ya kwanza. Viti vyote 100 vya Baraza la Wawakilishi la jimbo vinagombewa pia. Simpigii debe mtu hapa. Ninachosema ni kwamba kura hii tunayoidharau ina uzito kuliko ile ya rais, na sababu yangu naijua kwa kuumia.

Novemba 7, 2017 nilikuwa naishi mji wa Newport News, hapa hapa Virginia. Nilikuwa raia wa miezi minne, nimejiandikisha, kituo changu dakika kumi kwa miguu. Nilitoka zamu ya usiku katika nyumba ya wazee asubuhi, nikajiambia nilale kidogo, mchana nitakwenda. Niliposhtuka ilikuwa saa moja na robo usiku. Vituo hufungwa saa moja kamili. Nikageukia upande wa pili nikalala tena, kwa maana niliona ni jambo dogo.

Eneobunge letu lilikuwa la 94. Katika hesabu ya kwanza David Yancey wa Republican alikuwa mbele kwa kura 10. Desemba 19 zikahesabiwa upya, Shelly Simonds wa Democratic akaongoza kwa kura 1: 11,608 kwa 11,607. Kesho yake majaji watatu wakaletewa karatasi moja ambayo mwenyewe alijaza viduara vya wagombea wote wawili, kisha akapitisha mstari juu ya cha Simonds. Wakaamua kura hiyo ni ya Yancey. Ikawa 11,608 kwa 11,608. Na lililokuwa linangoja hapo halikuwa kiti kimoja. Republican walikuwa wameingia uchaguzini wakiwa na viti 66 kwa 34. Sasa walikuwa na 50 kwa 49, na hicho cha kwetu ndicho kingesema kama wanalishika baraza peke yao au wanagawana nusu kwa nusu.

Sheria ya Virginia inasema sare huamuliwa kwa bahati nasibu. Januari 4, 2018, mjini Richmond, makao makuu ya jimbo, kila jina liliandikwa kwenye karatasi, likatiwa ndani ya kikopo cha plastiki, vile tulivyokuwa tukiwekea mkanda wa kamera zamani. Vikopo viwili vikatiwa katika bakuli la kauri, vikakorogwa, mwenyekiti wa bodi ya uchaguzi akachomoa kimoja. Yancey. Nilitazama kwenye simu nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda kile kile.

Kiswahili huita mambo yote mawili kupiga kura: kuweka alama kwa umtakaye, na kuchomoa jina kwa bahati. Sisi wa 94 tulioacha ile ya kwanza ndio tuliowafanya watu wafike kwenye hii ya pili.

Haya, nipingeni.

Dereva wa usiku

Mtoa mada, umeandika kwa uchungu na nakuheshimu. Lakini hadithi yako inanipa haki mimi. Sare kama hiyo huja mara ngapi? Nimepiga kura tangu 2012, hakuna hata mara moja mtu alishinda au kushindwa kwa moja. Tena maliza hadithi: Yancey alitoka kwenye bakuli, Republican wakabaki na 51 kwa 49, na mwaka huo huo Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, ikapanuliwa hapa Virginia, jambo ambalo wakuu wa chama hicho walilikataa miaka nenda miaka rudi. Maana yake lililokuwa liwe limekuwa, ungeamka au usingeamka. Mimi naendesha gari saa kumi na mbili kwa siku. Saa mbili za foleni ni kodi ya nyumba.

Mtoa mada

Kaka, hoja yako ni nzuri, lakini umeishika kwa mkia. Tuirudie hiyo ya Medicaid polepole, maana ndipo penye moyo wa jambo.

Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba serikali kuu haiwezi kulilazimisha jimbo kupanua bima hiyo ya wenye kipato kidogo. Kila jimbo liamue lenyewe. Tangu siku hiyo, kama mtu asiye na watoto, mwenye kibarua cha saa chache, atapata daktari au hatapata, jibu halikuwa Washington. Lilikuwa Richmond. Richmond ikasema hapana, ikarudia hapana. Mei 30, 2018 ikasema ndiyo, na katika Baraza la Wawakilishi kura zilikuwa 67 kwa 31. Democratic walikuwa 49. Hesabu mwenyewe: Republican wasiopungua 18 waliunga mkono. Watu wale hawakuota ndoto. Walikuwa wameona chama chao kikipoteza viti 15 kwa siku moja, na kiti cha 16 kikiokolewa na kikopo. Kura zilizopigwa katika maeneobunge mengine zilibadili mawazo ya wabunge ambao hata hawakushindwa.

Sasa nikuonyeshe upande wa pili wa karatasi. Nilikuwa na jirani, mzee wa miaka 58, mkimbizi kutoka Kongo, akisafisha ofisi jioni saa 25 kwa wiki. Bima aliyopewa mkimbizi mgeni ilikuwa ya miezi minane, ikaisha. Ana kisukari. Nilimkuta siku moja mezani kwake amepanga vichupa vya insulini na kalenda ya kanisa, anahesabu ni siku zipi ataruka sindano ili vifike mwisho wa mwezi. Ameziwekea siku hizo msalaba mdogo kwa kalamu ya buluu. Januari 1, 2019 bima mpya ilipoanza, mtu mmoja mwenye kipato chini ya takriban dola 17,000 kwa mwaka aliweza kuingia. Aliingia. Ile kalenda ya misalaba ninayo mimi, alinipa.

Huyo mzee hakuwa na kura. Walioipiga kwa niaba yake hawakumjua. Ndiyo maana siwezi kukubali neno "ya wenyewe".

Mama wa Butembo

Nawasalimu wote. Mimi niko mji wa Harrisonburg, hapa hapa Virginia, mwaka wa nne sasa, nafanya kazi kiwanda cha kuku. Niseme kwa nini wengi wetu tukisikia uchaguzi tunakaa kimya.

Desemba 30, 2018 Kongo nzima ilipiga kura ya rais, isipokuwa Beni, Butembo na Yumbi. Kwetu tuliambiwa ni Ebola na usalama. Tukapangiwa Machi 2019. Rais aliapishwa Januari. Basi zaidi ya watu milioni moja wakaachwa nje ya kura ya rais. Lakini siku ile ile ya Desemba, watu wa Beni walipanga foleni hivyo hivyo. Walitengeneza vituo vyao, masanduku yao, wakapiga kura ambayo walijua hakuna atakayeihesabu. Dada yangu alikuwa katika foleni hiyo. Walinawa mikono kwanza, kwa sababu ya Ebola, wakasimama.

Sasa nikisikia mtu hapa ana kituo karibu na nyumba, kura yake inahesabiwa mara ya kwanza na mara ya pili na mbele ya majaji, halafu anasema amechoka, inaniuma. Kaka dereva, sikutukani. Najua kuchoka.

Swali langu ni hili: sisi ambao bado hatuna uraia, jambo hili linatuhusu vipi? Nami nilipokwenda kuchukua leseni nilikuta swali la kujiandikisha kupiga kura. Nilitaka kujibu ndiyo.

Mtoa mada

Mama, asante. Kwanza la hatari: usijibu ndiyo. Tafadhali wote mnaosoma hapa muwaambie na wengine. Mwenye kadi ya ukaazi (green card), hata kama ana miaka ishirini hapa, akijiandikisha au kupiga kura anaweza kunyimwa uraia, hata kurudishwa alikotoka, na kusema "sikuelewa Kiingereza" hakumsaidii vya kutosha. Ukiulizwa, sema wewe si raia. Kama uliwahi kujibu kimakosa, tafuta mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu ya uraia. Kama uliingia kama mkimbizi na sasa una kadi ya ukaazi, miaka mitano inahesabiwa tangu siku uliyofika; ikitimia, unaweza kuomba uraia.

Pili, linakuhusu kuliko linavyonihusu mimi. Mwaka 2019 Baraza la Wawakilishi lilihamia Democratic, 55 kwa 45. Mwaka uliofuata bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kibali cha kuendesha gari kwa watu wasio na hati za uhamiaji, ikaanza Januari 1, 2021. Mnajua maana yake kwa mtu anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kiwandani barabara isiyo na basi. Bunge hilo hilo lilipandisha kima cha chini cha mshahara. Kilikuwa dola 7.25 tangu 2009, Mei 2021 kikawa 9.50, mwaka huu wa 2025 ni 12.41. Wabunge walipitisha kifike 15, gavana akakataa kutia saini mwaka 2024, akakataa tena 2025. Kuna wanaosema alifanya vema kulinda biashara ndogo, na mwenye duka dogo ana hoja yake. Lakini aliyekataa ni gavana, si rais, na gavana huchaguliwa mwaka ambao sisi hulala.

Nilipokuwa najiandaa kwa mtihani wa uraia nilikariri swali moja: taja mamlaka mojawapo ya majimbo. Majibu yalikuwa elimu, polisi, zimamoto, leseni ya udereva, matumizi ya ardhi. Niliyaimba kama shairi la darasa la tatu, nikafaulu, na sikutambua kwamba nilikuwa nimesoma orodha ya maisha yangu ya kila siku.

Msomaji wa sheria

Naongeza jambo ambalo mtoa mada amelipita. Watu hukata tamaa kwa sababu mipaka ya maeneobunge ilichongwa na wanasiasa wenyewe ili washinde kabla watu hawajapiga kura. Hilo ni kweli, na Virginia ni mfano. Mwaka 2018 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba maeneobunge 11 ya Baraza la Wawakilishi yalichorwa kwa kuwabagua wapiga kura weusi, kwa kuwasongamanisha mahali pamoja. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa maeneo hayo kwamba kura yake ni nzito, uwe mkweli: ilipunguzwa uzito kwa kalamu.

Lakini kalamu hiyo nayo ilinyang'anywa kwa kura. Novemba 2020 wananchi waliulizwa kama uchoraji wa mipaka uhamishiwe tume, wakakubali kwa takriban theluthi mbili. Tume ikashindwa kuelewana, ikabidi Mahakama ya Juu ya Virginia ichore ramani mwishoni mwa 2021. Si kazi iliyomfurahisha kila mtu. Hata hivyo mwaka 2023 baraza liligawanyika 51 kwa 49, na kiti kimojawapo, cha eneobunge la 82 upande wa Petersburg, kiliamuliwa kwa kura 53 baada ya kuhesabiwa upya. Kaka dereva, kura moja ni nadra, nakubali. Watu 53 ni nusu ya harusi ya Waswahili.

Dereva wa usiku

Nimesoma yote. Hiyo ya Beni imenikalisha chini. Bado sikubali kwamba kila asiyekwenda ni mzembe. Kuna watu wanafanya kazi mbili na mtoto mgonjwa, na wanasiasa hawagongi milango ya mtaa wetu mpaka wiki ya mwisho, tena na vipeperushi vya Kispanyola. Mwaka 2015, uchaguzi wa bunge tupu bila gavana, hata theluthi ya waliojiandikisha haikufika. Mwaka uliofuata, wa rais, walifika zaidi ya asilimia 70. Watu wale wale, vituo vile vile. Basi kosa si la miguu yetu tu. Hakuna anayetueleza mbunge wa jimbo anafanya nini.

Nami siku za wiki siwezi. Jumamosi inawezekana?

Mtoa mada

Inawezekana. Tangu 2020 huhitaji kutoa sababu yoyote ya kupiga kura mapema. Ofisi ya msajili wa uchaguzi iko wazi Jumamosi mbili za mwisho, Oktoba 25 na Novemba 1, na hiyo ya Novemba 1 ndiyo siku ya mwisho ya kura ya mapema, hadi saa kumi na moja jioni. Chukua leseni yako. Kuhusu vipeperushi umesema kweli tupu, na nimeanza kuandika karatasi moja ya Kiswahili, majina ya wagombea wa eneo letu na msimamo wa kila mmoja kuhusu mshahara, shule na bima, bila kupendelea. Nikiimaliza nitaomba msomaji wa sheria aipitie.

Gari yangu ina viti saba. Novemba 1 natoka zamu asubuhi na safari hii silali. Nitakuwa nje ya kanisa saa tatu. Mpaka sasa nina viti vinne vitupu.

Dereva wa usiku

Vitatu.