Naomba ushauri: field ya kiwandani au karakana ya Gerezani, Dar?

Habari zenu wakuu. Nasoma uhandisi wa mitambo, mwaka wa tatu, na natakiwa kuripoti field (mafunzo kwa vitendo) ya wiki 8 mwezi ujao.

Mwaka jana nilipangiwa ofisi moja kubwa, jina tuliache. Nilitoa kopi, nikabeba mafaili, spana nikaishika mara mbili. Logbook, daftari la kuandika kazi za kila siku, ikagongwa muhuri safi kabisa!

Safari hii nimetafuta mwenyewe. Barua nilizopeleka ni 11, waliojibu wawili. Wa kwanza ni kiwanda cha sukari bonde la Kilombero. Msimu wa kusaga miwa utakuwa umeanza, maana yake boila zinawaka kwa makapi ya miwa, mvuke unazungusha mashine za umeme, na kitu kikiharibika hakisubiri kesho. Ila posho hakuna, na chumba nijipangie.

Wa pili ni fundi wa Gerezani anayechonga vipuri. Nilishinda kwake Jumamosi moja, akanipa shafti iliyolika, vernia ya kupimia na chaki, akasema, "Pima, dogo, usikisie." Nilikosea nusu milimita, akanirudisha mwanzo. Nyumbani ni daladala moja tu. Tatizo hana mhandisi wa kunisainia.

Maswali yangu mawili. Mliopita viwanda vya sukari, mwanafunzi anaruhusiwa kugusa mashine msimu wa uzalishaji, au anabaki kuangalia? Na kuna aliyewahi kukubaliwa na chuo field ya karakana ndogo, msimamizi akiwa fundi asiye na cheti?